MOTO UNAOTOKA SHAMBANI

Ndugu msomaji, tazama jikoni kwako. Kama unapikia kuni, mkaa au vifuu vya nazi, unatumia nishati ya mimea. Mafuta ya taa ni mengine. Hayo yanatokana na mafuta yanayochimbwa ardhini, na yakishachimbwa hayaoti tena. Lakini mti ukikatwa huchipua. Kwa hiyo kuni huitwa nishati jadidifu, yaani inayorudi upya. Hurudi kwa sharti moja: tusikate upesi kuliko miti inavyokua.

Mkaa ndio unaomaliza miti. Katika tanuru la udongo, kilo 100 za kuni hutoa mkaa kilo 10 hadi 20 hivi. Anayepikia vifuu hapa Mchinga hakati mti wowote, maana nazi imekwisha kuliwa.

Wenye ng'ombe wanaolala zizini wanaweza kupata gesi. Samadi mbichi huchanganywa na maji, ndoo kwa ndoo, ikatiwa katika shimo lililojengewa na kufunikwa hewa isiingie. Humo vijidudu visivyoonekana kwa macho huiozesha, gesi ikatoka, ikapita kwenye bomba mpaka jikoni. Mama hapulizi moto wala hatoki machozi. Masalio ni mbolea. Ubaya wake ni gharama ya kujenga.

Yako pia mafuta ya mimea ya kuendeshea magari. Molasi ya miwa hutoa spiriti inayochanganywa na petroli. Mbegu za mbono kaburi hutoa mafuta yanayoweza kutengenezwa kuwa dizeli. Mbono si unaujua? Ndio ule wa uani na makaburini, ambao hata mbuzi hauli. (Mbegu zake ni sumu. Watoto wasizitafune!)

Mbono huo ulileta mambo mazito kwa jirani zetu wa Kilwa. Kampuni ya BioShape ya Uholanzi ilipata karibu hekta 34,000, yaani ekari kama 84,000, katika ardhi ya vijiji vinne: Mavuji, Migeregere, Nainokwe na Liwiti. Ilisemwa kuwa mbono hustawi hata penye ardhi kame. Kuota unaota kweli, lakini bila udongo mzuri na mvua hauzai mbegu za kutosha. Kazi ilisimama mwaka 2009, na mwaka 2010 kampuni ikafilisika.

Na ardhi je? Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji ikihamishwa ili apewe mwekezaji, hugeuka kuwa ardhi ya jumla. Mwekezaji akiondoka, hairudi yenyewe kijijini kama mti unavyochipua. Mambo haya hupitia kwanza kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na wewe ni mjumbe ukiwa na miaka 18.

Zungumzeni katika kikundi chenu:

1. Kuni zenu zinatoka wapi? Miaka kumi iliyopita mlikwenda umbali gani kuzitafuta?

2. Mgeni akitaka ardhi yenu alime mbono, mtamuuliza nini kabla ya kunyoosha mikono?