SOMO: KUOTESHA MBEGU ZA MBOGA NYUMBANI

Ndugu wafanyakazi,

Mshahara ukiisha kabla ya mwezi, mboga ndizo za kwanza kukosekana chunguni. Hapa Kigali wengi wetu tuna ua mdogo tu. Lakini akarima k'igikoni, yaani bustani ya jikoni, haihitaji shamba. Inahitaji miche yenye afya. Anayeanza hupoteza fedha zake kitaluni, kabla hata ya kupanda. Basi tujifunze kitalu.

Kwanza, wakati. Mvua zetu huanza karibu na Machi na tena Septemba. Miche ya nyanya na kabichi hukaa kitaluni wiki 4 hadi 6. Tukisia katikati ya Agosti, mvua ikikolea miche itakuwa tayari.

Pili, mbegu. Tujaribu mbegu 10 ndani ya kitambaa chenye unyevu. Baada ya siku 7 hadi 10 tuhesabu. Zikiota 8, ni nzuri. Zikiota 3, tutafute nyingine.

Tatu, chombo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Rwanda mwaka 2008, wala hatuihitaji. Mkebe, beseni kuukuu au sanduku la mbao vinatosha, mradi vina matundu chini. Tuchanganye udongo wa juu sehemu 2 na samadi iliyooza sehemu 1. Samadi mbichi huunguza mizizi. Tumwagie udongo maji yanayochemka kupunguza magonjwa, kisha tuuache upoe.

Nne, kusia. Tusie kwa mistari, kina kisizidi sentimita 1. Mbegu iliyofukiwa chini sana huchoka njiani. Tufunike kwa nyasi kavu. Miche ikichomoza, tuondoe nyasi mara moja na kuweka kivuli chepesi juu. Karoti haziingii kitaluni. Husiwa pale pale zitakapokua, kwani zikihamishwa mizizi hupinda.

Tano, maji. Tumwagilie asubuhi, kidogo kidogo. Mche unaooza penye udongo na kuanguka umeponzwa na maji mengi na msongamano. Tupunguze iliyosongamana.

Sita, kuhamisha. Wiki ya mwisho tupunguze maji na kivuli ili miche izoee jua. Tuhamishe jioni, kila mche na udongo wake.

Ndugu, tuwe macho na jambo moja. Mwajiri asije akasema: "Mna bustani, nyongeza ya nini?" Bustani ni kazi yetu ya baada ya saa za kazi. Mshahara ni malipo ya kazi tuliyokwisha kumfanyia. Mboga hazifuti deni hilo. Tuoteshe, na tuendelee kudai haki.

Miche ikizidi, tumpe mwenzetu asiye na mbegu.

Maswali ya mazungumzo:
1. Kwa nini mche huoza penye udongo?
2. Je, bustani inaweza kuchukua nafasi ya mshahara wa haki?

Umoja ni nguvu.