iPod touch Iliyotumika: Soma Mgongo Kabla Hujatuma Pesa

Umeona iPod touch mtandaoni, bei poa, muuzaji anasema "ni ile mpya kabisa." Ngoja kidogo. Apple iliacha kuzitengeneza 2022, na ile ya 2015 na ya 2019 zinafanana kama mapacha, kwa hivyo picha ya mbele haikusaidii kitu. Mwambie apige picha ya mgongo, yale maandishi madogo: A1574 ni ya 2015, A2178 ni ya 2019. Ya 2015 iliishia iOS 12, na apu nyingi siku hizi zinaikataa. Ya 2019 ilifika iOS 15.

Mkikutana, fungua Settings, General, About, ukague modeli, maana kava hubadilishwa. Hakikisha pia ametoa akaunti yake ya Apple. Hapo sasa ndio uweke PIN.