Nguvu ya Farasi na Msokoto wa Injini



Wahariri wa gazeti letu wameniomba niandike habari za kazi yangu, nami nimekubali kwa furaha. Wengi wenu mnanifahamu. Nilivuka mpaka kutoka upande wa Pweto pamoja na wazazi wangu mwaka 2017, tukapokelewa Kenani, na mwaka 2018 tukahamishiwa hapa Mantapala. Masomo nilimalizia hapa hapa, na sasa ninafanya kazi ya gereji huko Nchelenge. Kila nijapo nyumbani Jumapili vijana hunizunguka na swali lile lile: "Kaka, gari lile lina nguvu za farasi ngapi?" Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza juu ya msokoto wake. Sisi pia nyumbani hatukuuliza, na kwa ajili hiyo mama yetu alipata hasara ya magunia 12 ya mahindi.

Basi kwanza tuelewe maneno. Msokoto, ambao mafundi huuita torki, ni nguvu ya kuzungusha kitu. Chukua baiskeli. Mtu wa kilo 60 akisimama juu ya pedali, anaisukuma kwa nyutoni 600 hivi. Mkono wa pedali una urefu wa sentimita 17. Zidisha 600 kwa 0.17, utapata msokoto wa nyutoni-mita 102. Sasa shangaeni kidogo: injini ya Corolla ya lita 1.5, ile iitwayo 1NZ-FE, ina msokoto usiozidi nyutoni-mita 141 au karibu na hapo. Yaani mtu aliyesimama juu ya pedali anakaribia kusokota sawa na injini ya gari!

Mbona basi baiskeli haikimbii kama Corolla? Ni kwa kuwa mtu hawezi kusokota hivyo upesi na kwa muda mrefu. Miguu yake huzunguka mara 60 kwa dakika, na akiendelea hivyo mwendo wa saa nzima msokoto wake wa wastani ni mdogo sana kuliko ule wa kusimama. Injini husokota mara 4,200 kwa dakika bila kuhema. Hapo ndipo inapoingia nguvu ya farasi. Kipimo hiki kilianzishwa na James Watt wa Uskoti katika miaka ya 1780, alipotaka kuwaeleza wanunuzi kuwa mashine yake ya mvuke ingefanya kazi ya farasi wangapi. Farasi mmoja, kwa kipimo cha Ulaya, ni kuinua kilo 75 kimo cha mita 1 kwa kila sekunde, yaani wati 736. Kwa kipimo cha Kiingereza ni wati 746. Angalieni neno "sekunde". Msokoto haujali saa, bali nguvu ya farasi ni kazi pamoja na saa.

Kanuni yake ni nyepesi, iandikeni daftarini: zidisha msokoto kwa mizunguko ya injini kwa dakika, kisha gawanya kwa 9,550. Jibu ni kilowati.

Tuitumie kanuni hii kwa Land Cruiser, yale magari marefu ya kazi tuliyozoea kuyaona hapa. Mengi yana injini ya dizeli ya 1HZ, ya lita 4.2, isiyo na turbo. Msokoto wake mkubwa ni nyutoni-mita 285, nao hupatikana kwenye mizunguko 2,200. Ukipiga hesabu utaona kuwa hapo inatoa kilowati 66. Nguvu yake ya mwisho ni kilowati 96, karibu farasi 130, kwenye mizunguko 3,800. Sasa igeuzeni kanuni: pale kwenye 3,800 msokoto ni kiasi gani? Ni nyutoni-mita 241 tu. Kumbe msokoto umeshuka na nguvu imepanda! Imepanda kwa sababu mizunguko imeongezeka kuliko msokoto ulivyopungua. Mwanafunzi aliyelielewa jambo hili moja amewapita mafundi kadhaa ninaowajua.

Ile Corolla, ili ifikie kilowati 62, lazima izunguke mara 4,200. Land Cruiser inapata zaidi ya hizo kwa nusu tu ya mizunguko hiyo, na ndiyo maana hutoka matopeni polepole bila kelele.

Sasa nirudi kwenye mahindi. Kaka yangu mkubwa alinunua pikapu ya petroli, kuukuu lakini nzima, kwa fedha alizokusanya miaka mingi katika biashara ya chisense. Fundi mmoja wa mjini akamwambia kuwa kwa fedha kidogo angemwongezea farasi 20. Akabadilisha kabureta akatia kubwa, akatoa eksozi akaweka bomba pana, na ile shafti inayofungua vali akaweka nyingine yenye kuziacha wazi muda mrefu zaidi. Kaka naye akaongeza matairi makubwa kwa ajili ya sura. Nilimwambia, "Kaka, ungeuliza kwanza hizo farasi zinapatikana kwenye mizunguko mingapi." Akacheka, akasema, "Mdogo wangu, farasi ni farasi."

Lakini fundi yule hakusema uwongo. Farasi zilikuwapo, ila zilikuwa juu, kwenye mizunguko 5,000 na kuendelea. Injini huvuta hewa kama mtu anywaye kwa mrija. Mrija mwembamba huipa hewa mbio hata injini ikienda polepole, na petroli huchanganyika vizuri. Ukiupanua, hewa hulegea chini, petroli huingia kwa matone, na vali zinazochelewa kufunga huacha sehemu ya hewa irudi ilikotoka. Juu mambo hugeuka: kule injini inataka hewa nyingi kwa upesi, na njia pana inaipa. Kwa hiyo uliponunua farasi za juu, umelipa kwa msokoto wa chini. Isitoshe, huku kwetu tuko zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari, ambapo hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo imekwisha kupoteza karibu sehemu moja ya kumi kabla fundi hajaigusa.

Tufanye hesabu kwa namba za kujifunzia. Tuseme zamani injini ilitoa nyutoni-mita 120 katika mizunguko ya chini. Gia ya kwanza huzidisha mara 4, na ekseli ya nyuma mara 4 tena, jumla 1,920. Tairi la zamani lilikuwa na sentimita 30 kutoka katikati hadi ardhini. Gawanya 1,920 kwa 0.30: gari linasukuma ardhi kwa nyutoni 6,400. Baada ya mageuzi msokoto wa chini ukawa 100, na tairi sentimita 36. Hesabu tena: nyutoni 4,444. Pikapu na mzigo wake zilikuwa kilo 2,500, na katika tope laini gari laweza kudai msukumo wa sehemu ya tano ya uzito wake, yaani nyutoni 5,000. Hapo mtaona wenyewe. (Kaka alikuwa na haki kidogo: tairi pana halizami upesi. Ila lile lililo refu hula msokoto, nalo linataka gia nyingine ekselini.)

Ilikuwa mwezi wa Januari, njiani kuja Mantapala, magunia 20 nyuma. Pikapu ilipoingia topeni kaka hakupata mvuto chini, ikambidi akanyage mafuta ili injini ipande kule kwenye farasi zake, huku klachi akiishikilia nusu. Kwa dakika chache klachi ikatoa harufu, kisha moshi, kisha basi. Walilala pale siku mbili mvua ikinyesha. Magunia 12 yaliloa hadi ndani, yakaota ukungu. Mtaji ulikuwa wa kikundi cha akina mama, na mama aliulipa kidogo kidogo hadi mavuno yaliyofuata.

Tulirudisha kabureta ya zamani, shafti, eksozi na matairi, tukatia klachi mpya. Pikapu sasa hubeba mzigo ule ule bila kulalamika, ingawa barabarani Corolla huipita. Kaka hatumii tena neno farasi mbele yangu.

Kwa wanaopenda hesabu: injini ya kinu cha kusaga inatoa nyutoni-mita 60 kwenye mizunguko 1,500. Puli yake ina upana wa sentimita 30, na puli ya kinu sentimita 15. Ukiacha hasara ya mkanda, kinu kinazunguka mara ngapi kwa dakika, kwa msokoto gani, na kwa kilowati ngapi? Nileteeni majibu Jumapili.