Kupigwa Picha kwa Fundi wa Mjini

1. Mwanzo wa kazi hii

Zamani, kabla ya kamera kujulikana, sura ya mtu ilikaa katika mioyo ya wale waliomwona kwa macho. Nao walipokufa, sura ile ilipotea pamoja nao. Wafalme na matajiri waliweza kumwita mchoraji, lakini mtu wa kawaida hakuacha nyuma yake ila jina.

Mwaka 1839 habari za uvumbuzi wa Mfaransa Louis Daguerre zilitangazwa mjini Paris. Mtu huyu aliweza kuishika sura ya kitu juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Picha yake ilikuwa safi sana, lakini ilikuwa moja tu, wala haikuweza kuzaa nyingine. Katika miaka ile ile Mwingereza William Henry Fox Talbot alipata njia ya kutia picha katika karatasi, na kutoka katika picha moja ya kwanza akaweza kutoa nakala nyingi. Njia hiyo ya Talbot ndiyo iliyoshikwa na wapiga picha wa nchi zote kwa muda wa zaidi ya miaka 100.

Ufundi huu ulifika pwani ya Afrika ya Mashariki kabla ya karne ile kwisha. Mjini Unguja alikuwako mpiga picha A. C. Gomes, mtu wa asili ya Goa. Baadaye, mwaka 1930, Ranchhod Oza aliyetoka Bara Hindi alifungua huko huko Unguja studio yake iliyoitwa Capital Art Studio, akapiga picha za jumba la Sultani na picha za watu wa mitaani pia. Mjini Mombasa N. V. Parekh alifungua studio yake mwaka 1942. Watu wa kila namna walimwendea, wenyeji na wageni, nao walivaa nguo zao zilizo nzuri kuliko zote.

2. Kupigwa picha na kutaka picha

Kuna tofauti kubwa kati ya mtu apigwaye picha na wengine, na mtu aendaye mwenyewe kuitaka picha yake.

Zamani za Wadachi, Lushoto ilipokuwa ikiitwa Wilhelmstal, wapiga picha wa Kizungu walizunguka katika nchi hii na kamera zao. Mmoja wao alikuwa Walther Dobbertin. Picha zake nyingi zimehifadhiwa mpaka leo katika nyaraka za taifa huko Ujerumani, nazo zina faida, kwa kuwa zaonyesha barabara, masoko, nyumba na mavazi ya siku zile. Walakini katika picha nyingi za wakati ule yameandikwa makabila ya watu au kazi zao tu, na majina yao hayakuandikwa. Mjukuu aweza kusimama mbele ya picha ya babu yake, asijue ya kuwa ni yeye. Mwenye kamera ndiye aliyechagua mahali, na mavazi, na maneno ya kuandika chini. Aliyepigwa picha hakuulizwa.

Mtu amwendeaye fundi kwa fedha yake mwenyewe yu katika hali nyingine. Yeye ndiye achaguaye jinsi atakavyokumbukwa. Lakini haki hiyo yataka akili na matayarisho, maana mtu asiyejua analolitaka hupewa alilo nalo fundi.

3. Watu wa nyumba moja ya Kifungilo

Kwa mfano, na wafikiriwe watu wa nyumba moja ya Kifungilo, karibu na mwaka 1948. Kijana wa nyumba ile alikuwa karibu kwenda chuo cha mbali, akae huko miaka miwili. Bibi yake alikuwa mzee sana, na maisha yake yote hajapigwa picha hata mara moja. Baba akauza viazi na kabichi, akaweka akiba kidogo kidogo, mpaka ikatosha nauli ya watu wanne na ujira wa mpiga picha. Basi wakatoka, baba, mama, bibi na kijana. Walikwenda kwa miguu mpaka Lushoto, wakapanda lori, wakateremka milima kwa njia ya Soni maili 20 hivi mpaka Mombo. Hapo wakaingia katika gari la moshi, wakapita Korogwe na Muheza, wakafika Tanga.

Siku ya kwanza mama alitaka waende sokoni. Baba akasema, "Sokoni tutakwenda kesho. Kwa mpiga picha twende leo, maana kazi ifanywayo siku ya mwisho haina siku ya kutengenezewa."

Wakapita mbele ya milango ya mafundi wawili waliotundika picha nje. Baba hakuuliza kwanza bei, bali alitazama nyuso. Kwa fundi wa kwanza kanzu nyeupe zilimetameta, lakini nyuso zilikuwa nyeusi kama masizi, hata macho hayakuonekana vema. Kwa fundi wa pili kila uso ulionekana, macho na mdomo na makunyanzi ya wazee. Baba akapiga hodi kwa huyu wa pili.

"Karibu, mzee. Karibuni nyote."

"Ahsante, bwana. Twataka picha ya watu wanne pamoja, nakala tatu, ukubwa wa kadi ya posta. Bei yake gani, na zitakuwa tayari lini?"

Fundi akataja bei yake, akasema, "Zitakuwa tayari siku ya tatu jioni."

"Sisi twaondoka siku ya tatu asubuhi."

"Basi nitazimaliza kesho jioni."

"Na ikiwa mtu amefumba macho?"

"Nitapiga tena, wala sitaongeza bei."

Baba akamshukuru, akamwomba ayaandike maneno yale katika karatasi. Kisha akalipa nusu ya bei kuwa arubuni, akapokea stakabadhi, akaikunja vizuri na kuitia mfukoni. Hakufanya hivyo kwa kumdhania fundi kuwa mwongo. Mapatano yaliyoandikwa huwalinda wote wawili, mwenye kazi na mwenye fedha, kwa kuwa hakuna hata mmoja awezaye kusahau.

4. Kanga nyekundu

Bibi alikuwa amevaa kanga nyekundu aliyoitunza tangu Pasaka kwa ajili ya siku ile. Fundi alipoiona akamwambia kwa adabu, "Bibi, kanga yako ni nzuri, lakini filamu yangu haioni wekundu. Katika picha itatoka nyeusi kama kaniki. Ninayo hapa kanga nyingine ya rangi nyepesi, naweza kukuazima."

Bibi akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ahsante, mwanangu. Lakini hiyo si yangu. Nitavaa hii hii, na wajukuu zangu wataambiwa ya kuwa ilikuwa nyekundu."

Fundi hakumbishia. Kazi ya fundi ni kueleza yale ayajuayo, na kazi ya mwenye picha ni kuchagua. Tena alikuwa na pazia lililochorwa bahari na meli, akataka kulishusha nyuma yao. Baba akamwomba alitoe, akisema kuwa wao ni watu wa milimani, na meli ile hawajaipanda. Fundi akacheka, akatundika nguo ya kijivu isiyo na kitu.

Akamketisha bibi kitini, katikati, karibu na dirisha. Baba na mama wakasimama nyuma, na kijana ubavuni. Kisha akasogeza ubao mweupe upande wa pili, ili nuru ya dirisha irudi juu ya nyuso zao. Maana mtu mweusi akivaa nguo nyeupe, nguo hurudisha nuru nyingi, na uso hurudisha kidogo. Fundi asiyejua hupima nuru ya nguo, na uso hupotea gizani. Fundi ajuaye hupima nuru ya uso kwanza.

5. Nuru ifanyavyo kazi

Kamera ni sanduku la giza lenye tundu moja, na katika tundu hilo mna kioo cha duara kiitwacho lenzi. Nuru itokayo kwa watu hupita katika lenzi, ikachora sura yao upande wa nyuma wa sanduku, kichwa chini na miguu juu. Ndiyo sababu fundi wa zamani alijifunika kichwa kwa kitambaa cheusi, apate kuiona sura ile hafifu na kuitengeneza.

Baadaye aliweka mahali pale filamu, au sahani ya kioo, iliyopakwa chumvi za fedha. Chumvi hizo hugeuka zipatapo nuru. Nuru ikiwa chache, hapana budi kuiacha iingie kwa muda mrefu zaidi, labda sekunde nzima au kupita. Kwa hiyo fundi aliwaambia watu wasitikisike, maana mtu akitikisika sura yake huchorwa mara mbili, na picha huwa kama kitu kionekanacho katika ukungu. Picha nyingi za kale zaonyesha watu wenye nyuso kavu. Si kwamba hawakuwa na furaha, bali ni vigumu kushika cheko lisibadilike.

Kisha fundi aliingia katika chumba cha giza, chenye taa nyekundu. Taa ile haikudhuru filamu kwa sababu ile ile iliyoifanya kanga ya bibi kutoka nyeusi: filamu za namna hiyo hazikuhisi rangi nyekundu. Dawa ya kwanza iliionyesha picha. Dawa ya pili iliondoa chumvi zisizoguswa na nuru, ili picha isiharibike ikitolewa nje. Mwisho filamu ilioshwa kwa maji safi na kukaushwa. Hiyo ndiyo picha ya kinyume, iitwayo negativu. Ndani yake cheupe ni cheusi, na cheusi ni cheupe. Ikiwekwa juu ya karatasi yenye dawa na kumulikwa, karatasi ile huvigeuza tena, na sura halisi hutokea. Kwa njia hii negativu moja huzaa nakala nyingi.

Asubuhi ya siku ya pili wale watu wa Kifungilo walirudi kuuliza habari. Fundi akawaambia, "Picha ni njema, ila kijana huyu amefumba macho." Basi wakaketi tena, akapiga tena, wala hakuongeza bei. Jioni walipokea nakala tatu, baba akamaliza deni lake. Kama wangalikwenda kwake siku ya mwisho, wangalirudi milimani na kijana aliye kama amelala.

6. Kuitunza picha

Nakala ya kwanza ilikaa Kifungilo, ya pili ilichukuliwa na kijana, ya tatu alipelekewa shangazi yake aliyeolewa Bumbuli. Kabla ya kuzigawa, mama alizipindua, akaandika nyuma ya kila moja kwa kalamu ya risasi, polepole, pasipo kukandamiza: majina ya wote wanne kwa taratibu walivyokaa, jina la mji, na mwaka. Mwisho aliandika: Kanga ya Bibi ilikuwa nyekundu.

Bibi alifariki kijana angali chuoni. Barua ilimfikia maziko yakiwa yamekwisha. Naye hakuwa na kitu cha kumwonyesha mwenziwe aliyemuuliza, "Bibi yako alikuwaje?" ila picha ile. Tena, baada ya miaka, nakala ya Kifungilo iliharibiwa na unyevu, kwa kuwa ilitundikwa ukutani palipovuja, na ukungu wa milimani hauna huruma kwa karatasi. Lakini nakala ya Bumbuli ilikuwa katika bati kavu lenye kifuniko, mbali na jua na moshi wa jikoni, nayo ilitoka nzima.

Siku hizi watu wengi wana simu zenye kamera, na mtu hupiga picha nyingi kwa siku moja pasipo gharama. Hili ni jambo jema. Lakini simu huanguka, huibiwa, huharibika, na picha zilizokuwa ndani yake tu hupotea zote pamoja. Kwa hiyo yafaa hata leo, mtu aendapo mjini pamoja na wazee wake, amtafute fundi mwema, apatane naye mapema, achapishe nakala zaidi ya moja, na kuziweka mahali mbalimbali.

Zaidi ya hayo yote, yafaa aandike majina. Picha bila jina ni kama kaburi bila alama. Wapitao hujua kwamba pana mtu, wasijue ni nani wa kumlilia.

MASWALI

1. Njia ya Talbot ilipita njia ya Daguerre kwa jambo gani?
2. Kwa nini mjukuu aweza kuiona picha ya babu yake asimtambue?
3. Baba alitazama nini katika picha zilizotundikwa nje, na kwa sababu gani?
4. Taja mambo ambayo baba alipatana na fundi kabla ya kulipa arubuni.
5. Eleza kwa nini kanga nyekundu ilitoka nyeusi, na kwa nini taa nyekundu haikuiharibu filamu.
6. Bibi alikataa kanga ya kuazimwa. Je, alifanya vema? Toa sababu zako.
7. Tafuta nyumbani picha ya zamani. Waulize wazee majina ya watu waliomo, kisha uyaandike nyuma yake kwa ruhusa yao.