SOMO LETU: MASHUA KATIKA MTEREMKO MKALI



Uganda, kando ya Ziwa Victoria, wako wenzetu wa mashambani na viwandani wanaoitwa siku za mapumziko kwenda kushusha mashua ya tanga ya meneja kutoka kwenye trela. Yaonekana kazi ndogo. Nilimwona mwenzetu mmoja akivunjika mguu, kwa kuwa aliambiwa azuie trela kwa mgongo.

Tupige hesabu. Mashua na trela lake ni kilo 480. Mteremko unashuka mita 1 kwa kila mita 6. Basi trela linavuta kwenda chini kwa uzito wa kilo 80 hivi, na mtu amekanyaga saruji yenye utelezi wa kijani. Hawezi kulizuia. Asisimame mtu yeyote nyuma ya trela, hata kwa dakika moja.

Kabla ya kusimamisha mlingoti, tazama juu: ukigusa waya wa umeme unaua. Ziba tundu la kutolea maji. Gari lirudi nyuma polepole, mtu mmoja tu akimwongoza dereva, naye awe ubavuni anakoonekana. Likisimama, vuta breki ya mkono, acha gia, weka kabari za mti nyuma ya magurudumu ya gari. Kamba ya winchi isifunguliwe mpaka mashua ielee. Wengi hufungua mapema, ikateleza na kupasukia kwenye saruji.

Kupandisha ni hatari zaidi. Shusha tanga kwanza. Mashua iliyoingia lita 100 za maji imeongezeka kilo 100, na mvuto sasa unakaribia kilo 97. Kwa hiyo mara tu tezi inapotoka majini, simamisheni gari, wekeni kabari, zibueni tundu, ngojeni maji yaishe. Mkono wa winchi usiuachie ovyo; jino likiwa limechakaa, hurudi kwa kasi na kuvunja mfupa.

Sasa la fidia. Sheria ya Fidia ya Wafanyakazi ya Uganda ya mwaka 2000 inahusu ajali itokanayo na kazi na kutokea mtu akiwa kazini. Jumapili, mwajiri aweza kudai ulikuja kwa hiari yako, kumsaidia tu. Kabla ya kushika kamba, mwambieni mnyapara aandike agizo hilo katika daftari la kazi, pamoja na saa za ziada. Akikataa, mwakilishi wa chama apewe habari siku hiyo hiyo.

Yule mwenzetu hakuwa na karatasi yoyote.