Maua ya Edmonton Yamegoma Adams Arcade

Ninaishi nyuma ya Adams Arcade, katika nyumba ya zamani yenye nafasi nzuri mbele. Julai miaka mitatu iliyopita nilimtembelea mdogo wangu huko Edmonton, Kanada. Kando ya uzio wake kulikuwa na delfinia za buluu zilizonipita kimo, na peoni zenye maua makubwa kama visahani. Aliniambia alipanda mara moja tu, na kila mwaka hurudi zenyewe theluji ikiyeyuka. Nilirudi na mbegu za delfinia, na mzizi wa peoni ndani ya sanduku. Delfinia zilichanua mara moja, zikafa. Peoni hutoa majani tu, na kila mwaka yanapungua. Jirani anasema ni baridi ya Julai, nizifunike kwa plastiki. Nifanyeje?
Mama Bustani, Nairobi

Mama, pole kwa miaka mitatu ya kungoja. Plastiki usinunue. Jirani ana nia njema, lakini baridi ya Nairobi haikuidhuru peoni yako. Haikuitosha.

Idara ya hali ya hewa iko hapo Dagoretti Corner, safari fupi ya matatu kutoka kwako, mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Julai joto hushuka pale hadi nyuzi 11 au 12. Sisi tunavaa sweta mbili. Kwa peoni bado ni joto. Mmea huo umezoea kulala ardhini miezi ya theluji, na macho yake ya maua hayaamki mpaka yapitie majuma mengi ya baridi iliyokaribia kuganda. Kwako haulali hata siku moja. Unatoa majani, unakula akiba iliyomo mzizini, na mwaka unaofuata unaanza na akiba ndogo zaidi. Ndiyo maana unadhoofika, na hakuna mbolea itakayoutibu. Wala usiupeleke Kinangop kutafuta baridi. Kule barafu ya alfajiri huweza kuunguza viazi shambani, lakini kufikia saa nne jua limekwisha kuipasha ardhi. Usiku mmoja wa barafu si msimu mzima wa usingizi.

Kuhusu sanduku nitasema wazi, kwa sababu ninaijali bustani yako na za majirani zako: usirudie. Mmea wowote unaoingia nchini unahitaji kibali cha KEPHIS, shirika linalokagua afya ya mimea, kabla haujasafiri, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi unakotoka. Ofisi zao kuu ziko Karen, si mbali nawe. Udongo kidogo ulioshika mzizini unatosha kubeba minyoo na kuvu ambazo hatunazo, na wapo wakulima wengi hapa wanaosomesha watoto kwa maua na mboga za kuuza ng'ambo.

Delfinia ni habari nyingine, na hapo hukushindwa. Nyanda zetu za juu zina delfinia yake ya porini, Delphinium macrocentron, kwa hiyo ukoo huo si mgeni kabisa. Ila ile ya bustani, ikikosa majira ya kupumzika, huishi maisha mafupi. Ihesabu kuwa mmea wa mwaka mmoja au miwili, na uwe na miche mingine kando. Ipande kwenye tuta lililoinuka ili maji ya mvua yasisimame shinani, maana shina huoza upesi. Shada la kwanza likinyauka, kata bua karibu na ardhi. Mara nyingi litachipua tena.

Sasa tuje kwenye uzio wako. Ukisimama kwenye vitalu vya kando ya Ngong Road, usianze na bei wala rangi. Uliza: huu kwao ni wapi? Tafuta mimea mirefu ambayo kwao ni milimani, mahali penye usiku wa baridi na mchana wa jua, bila theluji. Dalia ni ya nyanda za juu za Meksiko, na Jiji la Meksiko lenyewe liko juu zaidi ya Nairobi. Wenye bustani Edmonton hulazimika kuchimba viazi vyake kila mwaka kabla ardhi haijaganda. Wewe utaviacha vilale palepale, uvichimbe tu vikisongamana ili uvigawe. Agapanthasi ya Afrika Kusini itakupa vichwa vya buluu juu ya mabua yanayofika kifuani, na buluu, nadhani, ndiyo uliyoifuata Kanada.

Lakini ningekuwa wewe, ningempa nafasi ya mbele mzaliwa wa hapa. Kniphofia thomsonii humea penye majimaji huko juu kwenye milima ya Aberdare, na imebeba jina la Joseph Thomson, Mskoti aliyepita nyanda hizo mwaka 1883 na 1884. Bua lake husimama kama mwenge, maua ya rangi ya chungwa yakining'inia, na ndege chozi huja kunyonya asali yake. Inavumilia baridi kali kuliko hii yako. Isichokitaka ni kiu, hivyo imwagilie Januari na Februari.

Mimea hiyo yote ina adui mmoja Nairobi: mvua yenye upepo. Mwaka mmoja nilikuwa na dalia kumi na mbili zilizonifika begani, nikawa nasema nitaziwekea nguzo Jumamosi. Mvua ya Aprili ilikuja Alhamisi usiku. Asubuhi nilizikuta zote zimelala topeni, mabua yamevunjika penye fundo, na hakuna kamba inayoliunga bua lililovunjika. Kwa hiyo nunua mianzi kabla ya miche. Ichomeke siku ileile ya kupanda, kwani ukingoja mmea urefuke utatoboa viazi vilivyomo ardhini. Kwa kufungia, nenda hapo soko la Toi ununue fulana kuukuu ya bei ya chini, uikate vipande virefu. Kitambaa hakikwaruzi bua kama sisali. Funga kwa umbo la nane, fundo likae upande wa mwanzi.

Mvua za vuli huanza Oktoba. Peoni ing'oe Septemba, udongo wa shimo lake uuchanganye na samadi iliyooza vizuri, uuache wiki mbili. Hapo ndipo pa kuanzia.