Mionzi Inayolenga Uvimbe: Mwongozo kwa Wagonjwa wa Saratani na Familia Zao Mtwara

Kwa nini tunawaandikia

Kutoka Msimbati, Kilambo au Mikindani hadi Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita 500. Wagonjwa wengi wa mwambao huu huifuata tiba ya mionzi huko, katika Taasisi ya Saratani Ocean Road. Wapo wanaokata tamaa kabla ya kupanda basi, kwa kuambiwa kwamba mionzi huunguza mwili mzima au ni tiba ya mtu wa kufa. Si kweli. Mionzi huweza kuponya, hasa ugonjwa ukigunduliwa mapema.

Mionzi hufanya nini?

Huharibu vinasaba vya seli za saratani, zikashindwa kuzaliana na hatimaye kufa. Seli nzima zilizo jirani nazo pia huguswa. Ndiyo maana kwa kawaida dozi hugawanywa kidogo kidogo, siku 5 kwa wiki kwa wiki kadhaa, ili seli nzima zipate nafasi ya kujirekebisha.

Nini kimebadilika?

Mwaka 1951 daktari Lars Leksell wa Sweden alieleza namna ya kuelekeza miale mingi myembamba kwenye sehemu moja ndogo ya ubongo. Ni kama karabai za wavuvi wa dagaa zikimulika mahali pamoja: kila taa ina mwanga wake mdogo, lakini zinapokutana maji hung'aa. Leo picha za CT na kompyuta huwezesha kazi hiyo kwenye mapafu, ini, uti wa mgongo na tezi dume pia. Viungo jirani vikipata mionzi kidogo, uvimbe waweza kupewa dozi kubwa kwa mara 1 hadi 5 tu.

Utafiti wa PACE-B, uliotolewa mwaka 2024, ulionyesha kwamba kwa wanaume wenye saratani ya tezi dume ambayo haijasambaa, mara 5 zilidhibiti ugonjwa sawa na mara 20 au zaidi. Kwa mgonjwa aliye mbali na nyumbani, hizo ni wiki nzima za kodi ya chumba na chakula zinazookolewa.

Hapa Tanzania, Ocean Road ilianza kutumia mashine za LINAC, zinazolenga uvimbe kwa usahihi zaidi, mwaka 2018, baada ya miaka mingi ya kutegemea mashine za kobalti.

Je, inafaa kila mgonjwa?

Hapana. Dozi kubwa ya mara chache hufaa zaidi uvimbe mdogo wenye mipaka inayoonekana. Saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake nchini, mara nyingi hutibiwa kwa mionzi ya nje pamoja na ya ndani. Katika mionzi ya ndani, chanzo cha mionzi huwekwa kwa muda mfupi karibu kabisa na uvimbe, kisha huondolewa. Tiba yote inapaswa kukamilika ndani ya wiki 8. Kuikatiza ili kurudi kuvuna korosho hupunguza nafasi ya kupona.

Usiogope

Kupigwa mionzi hakuumi. Baada ya mionzi ya nje, mgonjwa habaki na mionzi mwilini: apakate watoto na ale na familia yake. Anaweza kuchoka, kuharisha au kubadilika ngozi. Amweleze daktari mapema.

Hatua za kuchukua

- Nenda zahanati au kituo cha afya ukiona uvimbe usioisha, kidonda kisichopona, damu baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi, au mkojo unaotoka kwa shida.
- Omba rufaa kwenda Hospitali ya Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, Mitengo.
- Kubali kuchukuliwa kinyama ili saratani ithibitishwe.
- Muulize daktari: tiba yangu ni ya mara ngapi, na nitakaa wapi?
- Beba barua ya rufaa, majibu na picha zako zote.
- Wapeleke mabinti wa miaka 9 hadi 14 wapate chanjo ya HPV, inayokinga saratani ya mlango wa kizazi.

Mashine sahihi kuliko zote haiwezi kurudisha miezi iliyopotea nyumbani. Dalili ikionekana, nenda wiki hiyohiyo.